Mita ya DT830 darasani: ifiche nusu, ndipo itafundisha

DT830 ni ile mita ndogo ya kidijitali ya kupimia volti, mkondo na ukinzani inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya umeme. Hutengenezwa na viwanda vingi kwa majina tofauti, na herufi ya mwisho hubadilika (B, D na kadhalika), ila umbo na mpangilio ni ule ule. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kufundisha umeme kwa wanafunzi wa sekondari wanaoelewa taratibu, wale ambao desimali bado zinawachanganya na maelekezo marefu huwapotea njiani. Kwa kazi hiyo inaishinda voltimita ya mshale, mradi mwalimu asiitoe kwenye boksi na kumkabidhi mwanafunzi kama ilivyo.

Tatizo ni swichi ya kuzungusha. Ina vituo kama 20: volti za betri, volti za ukutani, mkondo, ukinzani, na vingine ambavyo darasa hili halitavihitaji kamwe. Chini kuna matundu matatu: COM, VΩmA na 10A. Mwanafunzi anayehangaika huzungusha mpaka namba itokee, na namba yoyote ikitokea huiandika. Dawa yake ni mkasi na gundi. Kata karatasi ngumu ya duara, toboa katikati swichi ipite, kisha acha dirisha moja tu, kwenye 20 ya upande wa DCV (volti za betri). Ziba tundu la 10A kwa utepe. Waya mweusi uingie COM, mwekundu VΩmA, na isihamishwe mpaka somo la mkondo lifike. Kazi hii huchukua dakika chache kwa kila mita na huokoa nusu ya kipindi.

Kwenye kituo cha 20 mita huonyesha tarakimu mbili baada ya nukta kila mara: 1.58, 1.60, 1.32. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi anayeamini kwamba 1.58 ni kubwa kuliko 1.6, kwa sababu 58 ni kubwa kuliko 6, hapa hapati nafasi ya kukosea. Kama hata hivyo nukta inamsumbua, fungua dirisha kwenye 2000m. Betri ile ile sasa itasoma 1580, namba nzima ya milivolti, na atapanga betri zake kama anavyopanga bei sokoni. Kumbuka tu kwamba mwisho wa kituo hicho ni 1999. Ukiunganisha betri mbili kwa mfuatano, kioo kitaonyesha 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake kipimo kimezidi. Waambie mapema, la sivyo wataandika "volti 1".

Somo la kwanza zuri ni kuchambua betri kuukuu za tochi na redio. Kila kundi la watatu lipewe betri 6: mmoja ashike ncha za nyaya za mita, mmoja asome, mmoja aandike, kisha wabadilishane. Betri mpya husoma karibu 1.6. Watenge mafungu matatu: juu ya 1.4, kati ya 1.2 na 1.4, na chini ya 1.2. Hapo walimu wengi hukwama, kwa kuwa betri iliyosoma 1.3 inaweza kushindwa kabisa kuwasha balbu. Mita haijadanganya. Yenyewe ina ukinzani wa karibu megaomu 1, hivyo haivuti mkondo wa maana, na betri isiyo na mzigo (kitu kinachotumia umeme wake) huonekana nzima. Unganisha balbu ya tochi, pima tena wakati balbu imeungwa, na volti zitashuka mbele ya macho yao. Mfano wa bomba hueleweka haraka: presha ipo bomba likiwa limefungwa, lakini ukilifungua maji yanadondoka matone. Somo hili moja linabeba ukinzani wa ndani bila kutaja jina lake, na tungelitengea vipindi viwili badala ya kulikimbiza.

Mradi unaofuata vizuri ni betri ya ndimu. Msumari wa bati uliopakwa zinki na kipande cha waya wa shaba uliochunwa vichomekwe kwenye ndimu moja bila kugusana. Bingirisha ndimu kwanza ili maji yaachie. Kila ndimu hutoa karibu volti 0.9, na nne kwa mfuatano hupita 3. Usiahidi kuwasha balbu ya tochi. Volti zinatosha lakini mkondo ni mdogo mno, na darasa lililoshindwa mara nyingi halihitaji kushindwa tena kwa ahadi yako. Taa ndogo nyekundu ya LED itawaka hafifu ukiikinga na mwanga. Ikikataa, geuza miguu yake.

Mkondo ndipo mita hii inapokufa. Vituo vya mA vinalindwa na fyuzi ndogo, mara nyingi ya ampea 0.2, ilhali balbu ya tochi ya volti 2.5 huvuta hadi ampea 0.3. Tumia tundu la 10A, lakini jua kwamba halina fyuzi. Mwanafunzi akiweka ncha mbili moja kwa moja kwenye betri, huo ni mzunguko mfupi na nyaya zitapata moto. Kanuni ya kusema kila siku: kwa mkondo, kata sakiti na uiweke mita katikati. Ukiwa kwenye vituo vya mA, balbu ikizimika mita ikiwa ndani na kuwaka ukiitoa na kuunga sakiti tena, fyuzi imeungua. Ondoa skrubu za nyuma uibadilishe kwa nyingine ya kiwango kile kile, kamwe si kwa waya.

Nyaya zake ndizo dhaifu kuliko vyote. Hukatika ndani, pale zinapoingia kwenye mshikio. Weka 200 ya omu, gusanisha ncha: ikisoma chini ya 2, nzima; ikibaki 1 upande wa kushoto, umekatika. Ncha pia huteleza kwenye betri, kwa hiyo zifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Angalia pia betri ya volti 9 iliyo ndani. Ikichoka, mita husoma juu kuliko ukweli. Weka betri moja mpya ya tochi kabatini iwe ya kulinganishia: siku itakaposoma 1.9, badilisha ya ndani. Na mita hizi zisiguse soketi ya ukutani darasani, hata kama swichi ina kituo cha volti 750.