iReal Pro: Bendi Isiyochoka, Isiyokusikiliza

Anayejifunza kupiga solo za jazi anahitaji mtu wa besi, wa piano na wa ngoma walio radhi kurudia wimbo mmoja saa nzima. Kuwapata ni kazi, ndiyo maana programu ya iReal Pro imo kwenye simu za wapigaji wengi. (Jazi hapa ni ile ya Marekani, ya swingi na bluzi; bendi za Western Jazz na Morogoro Jazz zilikuwa na jina hilo lakini zilipiga dansi.)

Programu hii haina melodi. Unaona kodi tu (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), zimepangwa kipimo kwa kipimo, na simu inapiga besi, piano na ngoma kwa mtindo uliouchagua. Melodi itafute kwenye nota au, afadhali zaidi, itoe kwa sikio kwenye rekodi. Kodi nyingi zimeingizwa na watumiaji, kwa hiyo makosa yapo. Linganisha na rekodi kabla hujakariri.

Wapiga saksofoni na tarumbeta hukwama kwanza kwenye kii (sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake), kwa sababu nota wanayoisoma siyo ile inayosikika. Bluzi ya F, mwenye saksofoni ya tenori huisoma G na mwenye ya alto huisoma D. Ukibadilisha kii ya wimbo kuwa G, bendi inahamia G huku tenori yako ingali inatoa F, na hapo ni kelele tupu. Kinachobadilishwa ni mpangilio wa ala: Bb kwa tenori na tarumbeta, Eb kwa alto. Maandishi yanahama, sauti inabaki palepale.

Thamani ya programu iko kwenye sehemu ya mazoezi. Unaweza kuiamuru iongeze mwendo kila mzunguko, au ihamishe kii. Bluzi ya vipimo 12 (mapigo manne kila kimoja) kwa mapigo 120 kwa dakika huchukua sekunde 24. Ukiihamisha kwa nne (kama kutoka C kwenda F) kila mzunguko, baada ya mizunguko 12 umepita kii zote, na hata dakika 5 hazijaisha. Anza na mapigo 80. Ukianza na 140 vidole vitakimbilia mifumo vinavyoijua tayari, na sikio halitajifunza kitu.

Ubaya wake? Bendi hii haikusikilizi. Ukipotea, haikusubiri, ukichelewa, inakubeba, nawe unajiona una mwendo kumbe umeazima. Dawa ni kuipunguza. Fungua miksa, zima ngoma, baki na besi. Ukiweza hapo, rudisha ngoma, nakili wimbo, ingia kwenye uhariri, na vipimo vinne vya mwisho vya bluzi viwekee alama ya N.C. (No Chord, yaani hakuna kodi). Piano na besi vitanyamaza, ngoma zitaendelea. Bendi ikirudi kwenye kipimo cha kwanza nawe uko pale pale, umeushika wimbo. Ukijikuta kipimo kimoja mbele, rudi kuimba kodi kwa mdomo kabla ya kugusa ala.

Usitumie spika ya simu. Waya wa chini kabisa wa besi ni takriban Hz 41, na kispika kidogo hakiwezi kuutoa. Utabaki na piano na sahani za ngoma, bila msingi wa kushika kodi. Tumia spika kubwa au spika za masikioni zenye waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti: kupiga juu yake kunawezekana, lakini alama ya kipimo kwenye skrini huweza kuitangulia sauti, na msomaji wa kodi huchanganyikiwa.

Sauti zenyewe ni za kompyuta. Swingi ya kasi ya wastani inapita vizuri. Balladi inakuwa kavu kama uji usio na sukari. Kwa balladi bado namba moja ni rekodi za mazoezi za Jamey Aebersold, mwalimu wa jazi wa Marekani, zilizoanza 1967, zenye wapigaji wa kweli. Besi iko upande mmoja wa stirio na piano upande wa pili, hivyo mpiga piano huzima upande wake na kuingia mwenyewe. Kii na mwendo haviguswi kirahisi, na ukizirudia sana utaijua kila hila ya mpiga piano yule. Anayeanza achukue Volume 54, yenye mwendo wa taratibu, aitumie pamoja na programu: kii 12 afanyie kwenye simu, wimbo mzima aupige na watu hawa.