Visahani vya metali sita: kipi kilikubali kuvaa kalibu

Nimevimaliza visahani vyote 12 vya boksi hili, kwa hiyo sasa naweza kusema. Ni boksi la majaribio kwa sisi tunaofinyanga metali kwenye mashine ya kukereza. Unabana kisahani bapa mbele ya kalibu, mashine inazunguka, nawe unakisukuma kwa chuma chenye mpini mrefu, kidogo kidogo, mpaka kilale juu ya kalibu kama nguo iliyokatwa kwa kipimo. Ndani ya boksi kuna alumini 1100, alumini 6061, shaba nyekundu, shaba njano, chuma laini na chuma kisichoshika kutu cha 304, kila metali visahani viwili. Vyote vina upana wa milimita 200 na unene wa milimita 1.

Kalibu niliyotumia ni moja tu, ya mbao ngumu, kipenyo chake milimita 120, na kila kisahani nilikitaka kiwe bakuli lenye kina cha milimita 50 hivi. Kwa kuwa kalibu na mkono havikubadilika, kilichobaki kutofautiana ni metali yenyewe.

Alumini 1100 ndiyo nilianza nayo. Angalau asilimia 99 ya metali hii ni alumini tupu, na kwenye kisahani wameandika herufi O, maana yake imeshalainishwa kwa moto kiwandani. Niliipaka nta, nikaweka mizunguko 1,000 kwa dakika, nikaanza kusukuma kutoka katikati kwenda ukingoni. Ilifuata chuma changu bila ubishi. Bakuli la kwanza lilikamilika bila kurudi motoni hata mara moja, na nilipopima pembe ya chini, mahali panapopungua zaidi, nilikuta milimita 0.85. Anayeanza kazi hii aanze na hii, na asione haya kumaliza hata visahani 20 kabla ya kugusa metali nyingine.

Hapo hapo ndipo ninapolalamika. Kisahani cha 6061 hakikuwa na herufi yoyote mbele ya namba. Muuzaji ameandika "alumini 6061" akanyamaza. Nilikibana, na mpito wa kwanza tu wa chuma changu ulinionyesha kuna tatizo: kila nilipoinua chuma, ukingo ulirudi nyuma kama karatasi ngumu iliyokunjwa. Mpito wa tatu nikasikia "tak" moja kavu. Nilizima mashine nikakuta ufa wa urefu wa kidole ukitoka ukingoni kuelekea katikati. Kisahani kinachozunguka kikiwa na ufa wa namna hiyo kinaweza kuchomoka kikakufuata usoni, kwa hiyo silioni hili kama kosa dogo la uchapaji. Metali ile ilikuwa katika hali ya T6, yaani imetiwa ugumu makusudi kwa moto na muda. 6061 hiyo hiyo ikiwa katika hali ya O inafinyangika. Jina la metali halitoshi kabisa. Usinunue kisahani ambacho muuzaji hawezi kukuambia kiko katika hali gani.

Kisahani cha pili cha 6061 nilikilainisha mwenyewe kwanza. Alumini haikupi ishara ya rangi: inayeyuka kwenye nyuzi 660 kabla jicho halijaona wekundu wowote wa maana. Mimi huchora mstari kwa kipande cha sabuni, kisha napitisha moto polepole upande wa nyuma. Sabuni inakuwa manjano, halafu hudhurungi, na ikikaribia weusi naondoa moto palepale. Kilifika robo tatu ya kalibu kikaanza kukaza tena. Nimekiacha hapo.

Shaba nyekundu niseme ukweli, naipenda kuliko zote. Ni laini mwanzoni, inakaza kadiri unavyoikandamiza, lakini inakueleza mapema. Mlio unabadilika, ule msuguano mzito unakuwa mwembamba na mkali, na mpini unaanza kutetemeka kiganjani. Nilisimama nusu ya safari, nikaipasha hadi ikawa nyekundu iliyofifia kwenye kivuli, nikaitumbukiza majini. Shaba haigeuki ngumu kwa kupozwa ghafla kama chuma cha kaboni, na maji yanaibambua magamba meusi. Ila usizidishe moto. Bakuli la pili nililichelewesha, chembe zake zikakua, na uso ukatoka na vipele kama ganda la chungwa. Msasa ulichukua jioni nzima.

Shaba njano ya boksi hili ni ile ya asilimia 70 shaba na 30 zinki, chaguo sahihi. Ile iliyotiwa madini ya risasi ili ikerezeke vizuri ingepasuka mapema, na nashukuru hawakuiweka. Ilihitaji kulainishwa mara mbili. Bakuli likishakamilika liweke kwenye joto la nyuzi 260 kwa saa moja ili mvutano uliobaki ndani utulie, la sivyo linaweza kupasuka lenyewe likiwa kabatini, hasa penye amonia. Maganda ya risasi ya jeshi la Uingereza kule India yalipasuka hivyo hivyo ghalani msimu wa mvua, na chanzo kilikuwa amonia ya mikojo ya farasi.

Chuma laini hakina maneno mengi. Kinataka bega, hakitaki moto, na usipokipaka mafuta usiku huo huo asubuhi kina kutu.

Chuma cha 304 kilinishinda. Kina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, na kila unapokigusa kinakaza. Nilipunguza mizunguko hadi 500, nikatumia shahamu badala ya nta, bado chuma changu cha kukandamizia kilianza kung'ang'ania na kuacha mikwaruzo mirefu. Baada ya mipito sita nilikisogezea sumaku. Kisahani bapa ambacho hakijaguswa hakikuishika, lakini ule ukingo niliokuwa nimeukandamiza uliivuta, dalili kwamba mpangilio wa ndani wa metali umeshageuka. Kukilainisha kunataka nyuzi zaidi ya 1,000 na kupozwa haraka, na tanuri langu halifiki huko. Kosa hilo simtwiki muuzaji. Kisahani kilikuwa safi, kimekatwa vizuri, na hali yake imeandikwa. Zana zangu ndizo hazikutosha.

Ukataji wa visahani vyote ni mzuri, kingo zimesuguliwa kwa tupa, na vipimo ni vya kweli. Nilipima kila kimoja kwa mikrometa, na kilichopungua zaidi kilikuwa na milimita 0.97. Nyota nne kati ya tano, na iliyokatwa ni ya ile herufi iliyokosekana.

Nimeshaagiza tena: alumini 1100-O visahani 20 na shaba nyekundu sita. Cha 304 kilichobaki nimekitundika ukutani mpaka nipate gurudumu la kukandamizia la shaba iliyochanganywa na alumini, ambalo halitang'ang'ania.