Kijiko kimerudi kinang'aa, jina la mwenyewe halipo

Nyota moja kwa hawa wasafishaji wa vyombo vya fedha, na hiyo ni ya yule dada wa mapokezi aliyenivutia kiti. Fundi wao simpi kitu.

Kijiko chenyewe nilikinunua Portobello Road, hapa London, Jumamosi moja ya baridi, kwa mzee muungwana aliyeniazima lenzi yake nisome alama nyuma ya mpini. Simba anayetembea: fedha halali, sehemu 925 kwa 1,000. Kichwa cha chui chenye taji: kimepimwa London. Herufi k: mwaka wa 1785. Kichwa cha mfalme: ushuru umelipwa, maana ushuru huo ulirudishwa Desemba 1784. Na pembeni kabisa HB, kwa mwandiko wa mkono uliojikunja. Hester Bateman! Nilijizuia nisipige kigelegele bei isije ikapanda.

Mama huyu alikuwa mfua fedha, mjane wa Bunhill Row, mtaa wa hapa hapa London. Mumewe alifariki 1760, na mwaka uliofuata akasajili alama yake mwenyewe, umri ushapita hamsini. Kusoma na kuandika hakujua. Herufi mbili tu ndizo zilizomsemea kwenye kila birika na kila koleo ya sukari iliyotoka kwenye karakana yake. Mtu umeishikilia hiyo HB kwa kidole, baada ya miaka zaidi ya mia mbili, unasikia vitu.

Sasa kijiko kilikuwa na weusi kidogo kwenye zile shanga ndogondogo za ukingoni, nami nilikuwa na mawifi wanakuja kula. Ujinga wangu huo. Nikakipeleka kwa wasafishaji. Niliwaambia mara mbili: kwa mkono, kwa kitambaa, nyuma msiguse.

Baada ya wiki mbili hivi nikaenda kukichukua. Mbele kinawaka kama kioo. Nikakigeuza. Simba amekuwa panya aliyelowa. Chui hana uso. Shanga zimelala kama meno ya mzee. HB hamna! Wamekitia kwenye mashine, wamekisugua mpaka wakamsugua na mwenyewe. Nikamuuliza fundi, hata macho hakuinua: "Lakini kinang'aa, sivyo?"

Kinang'aa! Hata sufuria ya bati inang'aa.

Haya, nisiwe mkali kupita kiasi. Bei yao si mbaya, na sinia ya jirani yangu waliisafisha vizuri tu. Mawifi nao walikisifu, wakakigombania kwenye mchuzi. Pengine alama zilikuwa zimelika tangu zamani nami nilitazama kwa mapenzi. Nyota mbili basi.

Hapana. Nimekigeuza tena sasa hivi, chini ya taa ya jikoni. Nikikilaza upande naona mkia wa B, mwembamba kama unywele. Kwa hiyo zilikuwapo. Narudisha ile moja, na dada wa mapokezi anisamehe, naichukua na yake.

Juzi wamenitumia ujumbe: nipeleke kingine, watanisafishia bure.