Albamu gani ununue kama unataka sauti ya ukweli: orodha yangu nikiwa hapa Dodoma

Mbukwenyi wadau. Wiki hizi mbili watu kama wanne hivi wameniuliza kaka ninunue albamu gani, na wote kisa chao kimoja: mtu kajikamua kanunua sabufa mpya au hedifoni za maana, kafika nyumbani kaweka nyimbo zake zile zile, anaona mbona hamna tofauti na redio ya kwenye bajaji. Jibu langu halibadiliki. Spika haina kosa, kosa liko kwenye ulichokiweka.

Kwahiyo naandika mara moja ili kila mtu asome. Nimepanga kwa vitu viwili tu, watu wameimba na kupiga vizuri kiasi gani, na ile sauti imerekodiwa na kutoka studio ikiwa safi kiasi gani. Nani katazamwa mara milioni ngapi sijahesabu kabisa.

Ila kabla ya orodha lazima tuongee kuhusu faili, maana hata ukinunua albamu nzuri namna gani ukiiweka kwa faili bovu umetupa hela. Mwaka juzi nilikaa kwenye kibanda kimoja mjini nikajaziwa flashi nzima, nyimbo zaidi ya elfu moja kwa bei ya chipsi mayai, nikarudi Nkuhungu nimefurahi kweli. Nawasha, matoazi yanalia shhh shhh kama mafuta ya chapati, sauti ya mwimbaji kama yuko ndani ya ndoo. Nilipokuja kuangalia zile faili nikakuta nyingi ni MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde (hicho ni kiasi cha data ya sauti, kikiwa kidogo sauti inakuwa mbovu) zilizonyonywa kwenye video. CD ya kawaida inabeba kama kilobiti 1411 kwa sekunde, kwahiyo hiyo ya 128 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya kilichokuwepo. MP3 ya 320 ina nafuu kubwa, masikio ya watu wengi yanaridhika nayo na mimi safarini natumia hiyo. FLAC, aina nyingine ya faili la muziki, yenyewe inabana faili lakini haitupi chochote, ukiifungua unapata kile kile kilichokuwa kwenye CD. Na jamani ukiichukua faili ya 128 ukaigeuza kuwa 320 hujarudisha kitu, umeongeza uzito wa faili tu, kuna watu wanauziwa hivyo kila siku na wanashukuru.

Haya tuingie.

Namba moja, na hapa sitaki ubishi, ni Maisha ya The Zawose Queens, imetoka 2024 chini ya Real World, ile lebo ya Uingereza ya mwanamuziki Peter Gabriel. Najua mtu atasema unampa namba moja kwa sababu ni Wagogo wenzako. Hapana. Ningekuwa natoka Tanga ningeiweka hapo hapo. Pendo Zawose na Leah Zawose ni mtoto na mjukuu wa mzee Hukwe Zawose, yule mwanamuziki aliyetoka huku kwetu Dodoma, Mwalimu Nyerere akamwita Dar miaka ya 60, baadaye akaishi Bagamoyo mpaka akafariki 2003. Kwa miaka mingi hawa akina mama kazi yao ilikuwa kuitikia nyuma huku wanaume wanaongoza. Sasa wameshika mbele wao, na ukisikia wanavyopokezana sauti unajiuliza tulikuwa tunasubiri nini muda wote huo. Sauti moja inapanda juu, ya pili inaingia chini yake, ya tatu inakuja pembeni, zote zinatembea kivyake lakini hazigongani, na hicho ndicho Wagogo tunachojulikana nacho duniani hata kama sisi wenyewe hapa mjini tumekisahau.

Upande wa kurekodi sasa. Maprodyuza ni Waingereza wawili, Oli Barton-Wood na Tom Excell, na kitu walichofanya cha maana ni kuacha nafasi. Kuna vionjo vya kisasa kidogo kidogo lakini havijamfunika mtu. Chizeze, yaani fidla yetu ya Kigogo, unakisikia ule mkwaruzo wa upinde kwenye nyuzi, na ilimba, ile ala ya boksi yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hapa ndio nataka usikilize vizuri, ilimba yetu ina ule mlio wa kuzizima pembeni ya noti, zzz zzz, unatokana na utando wa buibui unaobandikwa kwenye vitundu vya boksi lake. Mlio huo ni mdogo na uko juu sana, kwenye faili la 128 unakufa au unageuka kelele. Mimi sasa hivi nikitaka kupima spika ya mtu naweka albamu hii halafu nasikiliza ule mlio wa zzz tu, kama haupo basi ama faili ni baya ama spika ni mbovu.

Mama mkubwa wangu alikuja kutoka Chamwino kutibiwa akakaa kwangu siku tano. Jioni moja nimeiweka nikiwa naosha vyombo, akatoka chumbani, akauliza, "Mwanangu, nani amekuja kupiga ilimba hapa?" Nikamwambia mama ni hii spika. Akakaa kwenye mkeka akasikiliza mpaka ikaisha, hakusema neno, baadae akaomba irudiwe. Mimi kwangu hiyo ndio tathmini ya ubora wa sauti kuliko namba zote nilizoandika hapo juu.

Namba mbili ni Siti of Unguja ya Siti Muharam, ya mwaka 2020. Sio mpya ya jana lakini nimekuta watu wengi sana huku bara hawajawahi hata kuisikia, kwahiyo kwako bado ni mpya. Siti Muharam ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule mwanamke wa Zanzibar aliyesafiri kwenda Bombay 1928 kurekodi santuri wakati hakuna mwanamke wa ukanda wetu aliyewahi kufanya hivyo. Kitukuu kaimba nyimbo za bibi yake mkuu na ameziimba kwa utulivu ambao sijausikia siku hizi, hakimbizi neno, anaachia pumzi mwisho wa mstari na wewe unaisikia ile pumzi. Mkurugenzi wa muziki alikuwa Mohamed Issa Matona kwahiyo taarabu yenyewe imekaa mahali pake, udi, kanuni, fidla, halafu chini kuna besi nzito ya taratibu ambayo haijavimba. Hii isikilize usiku, taa imezimwa, ukiwa na hedifoni za waya. Kwenye sabufa iliyofunguliwa besi mpaka mwisho utaiharibu na utasema nimekudanganya.

Namba tatu, Uhamiaji ya Msafiri Zawose, 2017, lebo ya Soundway. Msafiri naye ni mtoto wa Hukwe, na hii alifanya na Sam Jones ambaye ndio huyo huyo aliyeshika miksi za Siti Muharam hapo juu, ndio maana ukisikiliza zote mbili unaona kuna mkono mmoja. Humu ilimba na chizeze vimekutana na sintesaiza na mitambo ya kisasa, kuna wazee hawataipenda, mimi naipenda sana ila nimeiweka ya tatu kwa sababu sehemu nyingine mitambo inamzidi mwimbaji. Kwa kijana wa UDOM anayetaka kitu cha kuchezeka na bado kiwe cha nyumbani aanzie hapa.

Sasa Bongo Fleva, maana najua ndio wengi mnasubiri. The God Son ya Marioo, mwisho wa 2024, naipa namba nne. Sauti ya Marioo ina mchanga fulani hivi mtamu na humu wameiacha ikae mbele bila kuipaka vitu vingi, besi imekaa, ukiwa kwenye gari ni raha tupu. Tatizo lake ni tatizo la karibu muziki wote wa biashara sasa hivi sio wake peke yake: masta, yaani nakala ya mwisho ya wimbo inayotoka studio, imebanwa. Yaani wanabana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa ili wimbo uwe na kelele muda wote na usizidiwe na wa mwenzake redioni. Nyimbo tatu unafurahi, nyimbo kumi masikio yanachoka na hujui kwanini umechoka. Ukirudi kwenye Maisha baada ya hapo punguza haraka ya kusema mbona sauti ndogo, ongeza volyumu tu, utaona ngoma inavyopumua.

Namba tano Room Number 3 ya Mbosso, 2025, hiyo ni EP, yaani albamu fupi, ndio yenye wimbo wa Pawa. Mbosso anaimba. Kama unapenda zile sauti za pwani zinazopinda pinda hutajuta, na kwa vile ni fupi bando haliumii.

Peace and Money ya Zuchu, Desemba 2024, ipo jirani kabisa na hapo, sauti yake safi na matamshi unayasikia yote, ila kwa masikio yangu masta yake imebanwa kuliko ya Marioo.

Kuhusu kununua. Hizo tatu za kwanza zipo Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, unalipia kwa kadi ya benki au zile kadi za mtandaoni zinazotengenezwa kwenye simu kupitia kampuni za simu, halafu unachagua mwenyewe unapakua FLAC au MP3 ya 320, faili linakuwa lako milele hata bando likiisha. Bandcamp wanakata asilimia 15 tu hivi kwenye mauzo ya dijitali, nyingine inaenda kwa msanii na lebo yake, na kwa watu kama akina Pendo hilo ni jambo kubwa kuliko kusikilizwa bure mara elfu. Albamu ya dakika 40 kwa FLAC hesabu MB 200 mpaka 300, kwa MP3 ya 320 kama MB 96, pakua usiku kwa bando la usiku.

Kama wewe ni mtu wa kustrimu, Apple Music wanatoa sauti isiyopunguzwa tangu 2021 bila kuongeza bei lakini lazima uingie kwenye setingi uiwashe mwenyewe, watu wanalipia mwaka mzima hawajaigusa. Spotify ipo Tanzania tangu 2021 pia, ukishalipia nenda kwenye ubora wa sauti uweke wa juu, usiiache ijichagulie maana mtandao ukiyumba, na ukienda Bahi au Kongwa utayumba tu, inashusha kimya kimya.

Halafu waya. Bluetooth inabana tena kile ambacho umelipia kisibanwe, kwahiyo kama sabufa yako ina tundu la waya tumia waya, kebo yenyewe ni bei ya soda mbili tatu pale Majengo. Vumbi la kwetu linaingia kwenye matundu hayo, yapulize kabla ya kuchomeka, nimeona watu wanatupa spika nzima kwa sababu ya vumbi.

Na besi, ndugu zangu, besi. Wengi tunajua ngoma inasikikaje kwa kupitia sabufa tu. Pale Chamwino Ikulu kuna tamasha la muziki wa Wagogo tangu 2009, akina mama wanapiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya magoti, hakuna spika kati yako na ngozi ya ngoma. Mlio wake ni mkavu, unapiga kifuani halafu unaondoka, haubaki unanguruma. Nilisimama kama hatua tano hivi kutoka kwao, jioni nikarudi nyumbani nikaweka Maisha, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kushusha kile kitufe cha besi mpaka chini ya nusu, na hakijapanda tena.