Stendi za Magitaa za Kujitengenezea: Bomba la PVC au Mbao?

Karibuni watazamaji, hasa nyinyi walimu wa muziki ambao magitaa ya darasa bado yameegemezwa ukutani. Gitaa la namna hiyo halikai. Mtoto akipita na begi, limeshateleza, na mara nyingi linavunjika pale shingo inapokutana na kichwa. Leo ninazo hapa stendi mbili za kujitengenezea: moja ya bomba za PVC, nyingine ya mbao inayobeba magitaa sita.

Tuanze na ya bomba. Itazameni kwa ubavu. Mimi jicho langu linaenda kwanza kwenye miguu ya nyuma. Gitaa limelala kidogo kwa nyuma, kwa hiyo uzito wake unaelemea huko. Miguu hiyo ikiwa mifupi, stendi inaanguka chali pamoja na gitaa. Hii imeachiwa miguu mirefu. Nikilisukuma hivi kwa kidole, mnaona? Linatikisika, linarudi. Ukitaka itulie zaidi, jaza mchanga mkavu kwenye bomba la chini, kisha ziba ncha zake.

Kwa ukulele, yaani kale kagitaa kadogo ka nyuzi nne, bomba la nusu inchi linatosha. Kwa gitaa chukueni la robo tatu inchi. Gitaa la akustika lina kilo 2 hivi, la umeme linaweza kufika 4, na plastiki ikibebeshwa uzito muda mrefu huendelea kupinda taratibu.

Kabla ya kugusa gundi, unganisha stendi nzima ikiwa kavu, weka gitaa, halafu chora kwa kalamu mstari unaovuka kila elbo, yaani kiungo cha kona, na bomba lake. Gundi ya PVC inashika upesi mno. Tii, kile kiungo chenye umbo la T, ikikaa upande, huna tena nafasi ya kuigeuza. Ipakeni penye hewa ya kutosha, watoto wakiwa mbali, maana mvuke wake ni mkali.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri: sehemu inayogusana na gitaa. Wengi huzungushia mpira. Magitaa mengi ya shule yamepakwa vanishi ya poliyurethani au poliesta, na hayo hayasumbuki sana. Lakini likiwepo moja la vanishi ya nitroselulosi, mpira ukiligusa kwa muda mrefu vanishi inalainika, inabaki na doa lisilotoka. Zungushia kitambaa cha pamba, cheupe ili kisichuje rangi, ukikunje mara kadhaa na kukishona. Inauma kuona gitaa zuri limeharibiwa na kitu kilichowekwa kulilinda!

Tuje kwenye ya mbao. Kwa darasa, hii ndiyo chaguo langu. Stendi za mojamoja zinameza sakafu, watoto wanajikwaa kwenye miguu yake. Hii ina pengo kila sentimita 15, kwa hiyo magitaa sita yamekaa ndani ya sentimita 90. Tumbo la gitaa la klasiki lina kina cha sentimita 10 hivi, mkono wa mtoto unapita bila kugonga la jirani. Kasoro yake ni uzito, kuihamisha kunataka watu wawili. Tumieni skrubu, na mtoboe tundu dogo kwanza ili mbao isipasuke. Misumari peke yake italegea, kwa jinsi watoto wanavyoivuta. Kingo zote zipigwe msasa.

Msiiweke dirishani. Jua linakausha mbao za gitaa, na zinapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55.

Na violini zisiingie humu hata kama zinatoshea. Daraja la violini, kile kibao kinachoinua nyuzi, halikugundishwa, limeshikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na kishindo kidogo kinaweza kulihamisha. Hizo zirudi kwenye makasha yake.