Kitini cha Uhakiki wa Ushairi, Moshi: istilahi safi, hesabu mbovu

Kitini hiki cha fotokopi, kurasa 24 zilizobanwa kwa pini mbili, kinauzwa shilingi 3,000 kwenye steshenari moja karibu na stendi ya Moshi. Walengwa ni kidato cha tano na sita. Istilahi zimeelezwa vizuri. Kuzitumia ndiko kulikoharibika, na ubeti wa ukurasa wa 9 unatosha kuonyesha:

Kivuli hakina mwili, lakini kinatembea,
Jua likiwa la mbali, kirefu hujinyoshea,
Likipanda juu kali, chini kinajikunjia,
Mtu kimo chake kweli, kipi cha kujipimia?

Kitini kinadai mshororo wa nne una mizani (silabi) 15, eti mshairi amevunja urari, yaani ulingano wa mizani. Hajavunja kitu. Aliyehesabu amelifanya "mtu" silabi moja, wakati M hapo inasimama peke yake: m-tu, mbili. "Mwili" nayo ni mbili tu, mwi-li, na kwenye "kinatembea" mb haitengani na irabu yake: te-mbe-a. Gonga meza kwa kidole kila silabi, utapata 8 kwa 8 mishororo yote. Inkisari ya "hujinyoshea", iliyopunguza silabi moja ya "hujinyooshea" ili utao, yaani kipande cha pili cha mshororo, usifike 9, imepitwa kimya kimya.

Kuuita "tarbia", yaani wenye mishororo minne, ni sawa. "Ukaraguni" si sawa: huo ni pale vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande) vinapobadilika ubeti hadi ubeti, na hapa ubeti ni mmoja!

Upande wa maudhui, dhamira, ujumbe na falsafa vimepewa sentensi moja moja. Falsafa yenyewe? "Umuhimu wa jua." Jamani. Mishororo mitatu inajenga ushahidi: mtu ni yule yule, kivuli ndicho kinachorefuka na kufupika. Moshi ipo nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, hivyo katikati ya Machi, saa sita na nusu mchana, kivuli hubaki miguuni. Mwanafunzi atoke nje ajionee. Kisha kituo, yaani mshororo wa mwisho, pale msomaji anaposubiri jibu, kinaleta swali. Swali hilo la balagha, lisilosubiri jibu, ndilo linalobeba falsafa, maana linakataa kumpima mtu kwa kitu kinachotegemea mahali jua lilipo. Kitini kimelitaja kama pambo na kuendelea.

Kurasa 1 hadi 6 zinafaa kwa marudio ya istilahi. Wino umefifia ukurasa wa 14 na 15 kwenye baadhi ya nakala, kwa hiyo pekua kabla ya kulipa.