Uzoefu wangu: saa ya jikoni ya kuzungusha, kwa kazi ya dakika 25

Nasahihisha karatasi za wanafunzi nyumbani, na walimu wenzangu kazi hii mnaijua: ya kwanza unaisoma kwa moyo, ukifika katikati ya rundo jicho liko kwenye simu. Nilianza na programu ya simu ya kuhesabu muda. Haina kasoro, ila iko mahali pabaya. Unaishika uone zimebaki dakika ngapi, unakutana na kikundi cha michango ya harusi, na humo hutoki mapema.

Ndipo nikanunua Kariakoo saa ya jikoni ya plastiki, ile ya kuzungusha kwa mkono wanayotumia waoka keki. Bei haikufika elfu kumi. Haina betri wala chaji, umeme ukikatika yenyewe inaendelea. Hata Francesco Cirillo, aliyeanzisha mtindo huu wa kufanya kazi kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko (Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano) akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni, yake ikiwa na umbo la nyanya. Dakika 25 kazi, 5 mapumziko. Baada ya mizunguko minne, unapumzika 15 hadi 30.

Jambo ambalo muuzaji hakuniambia: usiizungushe ikaishia 25. Ipeleke mpaka mwisho, kwenye 60, halafu irudishe. Bila hivyo springi haikazi sawasawa na kengele inalia kinyonge, au hailii kabisa.

Kwa kusahihisha, naipa alama zote. Kwa kutunga mtihani hapana; swali ndiyo kwanza linakaa vizuri, kengele hiyo! Huko naweka 50, napumzika 10. Kanuni nyingine ya mtindo huu inasema ukiitwa katikati ya kipindi, mwambie mtu utamfuata baadaye. Mwambie hivyo mama mkwe wako, kisha uje utusimulie. Mimi huitika, nikirudi naanza upya.

Mapumziko ndiyo yenye kazi. Simu inabaki chumbani, mimi nanyanyuka: naanua nguo, nabandika chai. Ukipumzika kwa kuperuzi, hizo dakika 5 zimeshakwenda na akili haijapumzika.

Kasoro ya saa hii ni kelele. Usiku naiweka juu ya kanga iliyokunjwa ndipo mume wangu alale. Ofisi ya walimu usiipeleke kabisa. Wenzangu waliivumilia kipindi kimoja, wakaifungia kabatini.